Mchi Haukuwasha Injini

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka kama vile imetokea leo asubuhi. Kaa hapo kwenye kigoda. Simu iweke chini. Ningeweza kukuambia kwa maneno mawili, ukaitikia "sawa, bibi" ukaenda zako, lakini maneno mawili hayakai kichwani mwa kijana anayeanza kazi ya gereji. Nitakueleza yote, na nikipandisha sauti usishtuke, maana sikugombezi wewe. Nawagombeza waliokutangulia.

Jana nimepita Msamala kununua chumvi. Nikakuta basi limeegeshwa kando ya barabara, mlango wa injini kule nyuma umenyanyuliwa, na ulichokuwa umeegemea ni mpini wa fagio. Mpini wa fagio, mwanangu! Na fundi yumo ndani hadi kiunoni, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikapiga kelele: "Toka humo! Toka, mtoto wa watu!" Wenzake wakacheka. Mmoja akaniambia, "Bibi, usiogope, ajali haina kinga." Nikasahau chumvi. Nimerudi nyumbani mikono mitupu, na tangu jana sijatulia.

Ajali haina kinga! Methali ni ya wahenga, siitukani. Lakini wahenga waliisema kwa radi inayopiga kutoka mbinguni na kwa mti unaoanguka msituni bila kuguswa. Hawakuisema ili mtu mzembe apate pa kujificha. Mimi neno hilo nililisikia likisemwa damu ya mume wangu ikiwa bado mbichi kwenye sakafu, na aliyelisema ndiye aliyeimwaga.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Nyinyi mmezaliwa mkakuta maduka yamejaa, hamjui tulivyopanga foleni kwa kipande cha sabuni. Mara milango ikafunguliwa: nguo za mitumba, redio, na magari yaliyokwishachoka kwa wenzetu huko yakaja kumalizia uzee wao Songea. Kila aliyejua kushika spana akajiita fundi, na kila aliyekuwa na kiwanja akajiita mwenye gereji. Hapo ndipo alipoibuka Gama.

Gama alikuwa na uwanja wake Mfaranyaki, umezungushiwa mabati. Mume wangu Longinus ndiye aliyekuwa fundi wake mkubwa. Mimi nilikuwa bado mke mpya, nimetoka kwetu Mbinga, sina ndugu hata mmoja mjini hapa. Nilikaa nje ya lango la gereji ile ile, nawapikia mafundi na wapita njia ugali, maharage, dagaa wa Nyasa, na kisamvu. Kisamvu changu kilikuwa na sifa. Nilikitwanga mwenyewe kwa mchi niliopewa na mama yangu siku naolewa, mchi mweusi, laini, uliotwangiwa tangu enzi za bibi yangu hadi ncha zake zote mbili zikawa mviringo kama yai. Zishike hizo ncha akilini, maana bila hizo hutanielewa.

Sasa, gari lenye injini nyuma huwa na mlango mpana kule nyuma unaofunguka kwenda juu. Ni mzito. Gari likiwa jipya, kuna shokapu nyembamba za pembeni zinazoushikilia usishuke. Gari likizeeka shokapu zinakufa, na mlango unashuka wenyewe kama kope za mtu mwenye usingizi. Kwa magari hayo Longinus alikuwa na nguzo. Aliikata mwenyewe kwenye miombo, mti mgumu wenye panda juu. Mlango ukinyanyuliwa, panda inaupokea ukingoni, chini nguzo inachimbiwa kidogo ardhini, halafu anafunga kamba kutoka kwenye mlango hadi kwenye keria juu ya gari. Nguzo ikiteleza, kamba ipo. Kamba ikikatika, nguzo ipo. Alifanya hivyo hata kwa kazi ya kuongeza maji tu. Wenzake walimwita mwoga, naye aliwaitikia bila kinyongo.

Gama naye alikuwa mtu wa kutaka kuonekana. Alipoona wenye gereji wengine wamechora mabango, akachora lake: bati refu, jina lake kwa rangi nyekundu, herufi unazisoma ukiwa bado mbali barabarani. Bango likakosa mguu mmoja. Akaangaza macho uwanjani, akaiona nguzo ya Longinus imelala, akaona ndiyo hiyo. Kesho yake tukakuta bango limesimama langoni, na nguzo yetu imezikwa kwenye saruji hadi magotini. Longinus alinung'unika, lakini alininung'unikia mimi, nyumbani. Kwa Gama hakusema. Kwetu, mwanangu, mkubwa habishiwi mbele za watu, na wala nyuma hatukujua namna ya kumbishia.

Basi siku yenyewe likaja gari ambalo Mfaranyaki haikuwahi kuliona. Lilikuwa refu kama basi, lakini ndani ni nyumba. Kuna kitanda, kuna jiko, kuna mapazia ya maua, kuna meza ya kulia. Wenyewe walikuwa mzee mmoja wa Kizungu na mkewe, wamestaafu, wanatembea nalo nchi kwa nchi. Lilikuwa limepanda milima ya Lukumburu kwa shida, likafika kwetu linatoa mvuke kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Watu wakajaa. Wauza vitumbua wakaacha vitumbua. Mama mmoja akauliza kwa sauti choo chao kiko wapi, na alipooneshwa kwamba kimo humo humo ndani, karibu na jiko, akaguna akaondoka zake.

Gama siku hiyo alivaa shati jeupe. Sijui alilitoa wapi kwa haraka vile. Akawakaribisha wageni kwenye viti, akapiga makofi, akaita: "Longinus! Gari la wageni!"

Longinus akaufungua mlango wa nyuma. Akauachia kidogo, ukashuka. Akaunyanyua tena, ukashuka tena. Akamgeukia Gama, na mimi nilikuwa pale langoni na kisamvu kimo kwenye kinu, nasikia kila neno.

"Bosi, naomba nguzo. Shokapu za mlango huu zimekufa."

"Nguzo ipi?"

"Ile ya bango, bosi. Tuichimbue, nikimaliza nitaisimamisha mwenyewe."

Gama akacheka, akawageukia watu waliokuwa wanatazama. "Jamani, mnamsikia? Anataka kuling'oa jina langu mbele ya wageni!"

Watu wakacheka. Kicheko cha watu ni kibaya, mwanangu. Longinus akainamisha kichwa, na Gama akaongeza, kwa sauti ya chini lakini nilimsikia, "Tafuta mti wowote uegemeze. Kazi yenyewe ni ya kubadilisha bomba la maji. Usinitie aibu."

Ndipo akaja kwangu. "Skola," akasema, "niazime mchi."

Nikampa. Nilikuwa katikati ya kutwanga, majani yamesagika nusu, lakini nikampa bila kuuliza. Kwetu hakuna mwanamke anayeombwa mchi akauliza wa nini. Mchi ni kama moto wa kuazima, unatoka nyumba hii unakwenda ile, na kumnyima mtu mchi ni kutangaza ugomvi. Nilidhani anataka kugongea kitu. Nikaketi kusubiri.

Alikwenda kuusimamisha juu ya ile sakafu ya saruji wanayofanyia kazi, sakafu iliyolowa oili ya miaka. Ncha ya mviringo chini kwenye oili, ncha ya mviringo juu kwenye bati. Kamba hakuna, maana ile kamba nayo ilikuwa imefungia bango. Longinus akautikisa mlango, akaona umetulia, akaingia.

Bomba alibadilisha. Maji akajaza. Ilibaki kukaza mkanda wa feni tu, na alikuwa ameupeleka mkono wa kulia ndani kabisa, amelala kifua juu ya injini. Wageni walikuwa wamesimama kando wanakunywa chai. Gama akaona wakati wa kujionesha umefika. Hakusema kitu. Hakuita. Hakwenda nyuma kutazama. Alipanda mbele kwenye kiti cha dereva na shati lake jeupe, na gari lile lilivyo refu, aliye mbele hamwoni aliye nyuma wala hasikii pumzi yake. Akazungusha ufunguo.

Injini ikatetema. Mimi nilisikia mchi kwanza. Mwanamke anaujua mlio wa mchi wake ukianguka, hata sokoni kwenye kelele ataujua. Uligonga saruji, na kabla sijageuza shingo mlango ukashuka. Halafu nikamsikia mume wangu.

Sitakueleza sauti ile. Mlango ulimpiga begani ukamsukuma mbele, mkono ukaenda kwenye mkanda. Mkanda ulichukua kidole cha shahada na cha kati. Mzee wa Kizungu alitupa kikombe akakimbilia mbele kumtoa Gama kwenye ufunguo, mkewe akavuta shuka kitandani mwao akamfunga nalo Longinus mkono, na sisi wengine tukawa tunapiga kelele tu, Yesu na Maria, Yesu na Maria, hadi ikapatikana pikapu ya kumpeleka hospitali. Nilipokuwa napanda nyuma ya pikapu na kichwa chake mapajani mwangu, nikamsikia Gama anawaambia watu, na mikono ameiweka kiunoni: "Ndiyo hivyo, jamani. Ajali haina kinga."

Umeelewa sasa kwa nini jana sikununua chumvi?

Ningekuwa na hasira kiasi hicho tu, labda ningeshasahau. Lakini lililofuata lilikuwa baya zaidi. Wenye magari waliokuwa pale waliyaona mambo kwa macho yao, wakaanza kupeleka magari yao kwingine. Gama akaona uwanja unakuwa mweupe. Naye badala ya kusema "nimekosa," akaanza kunong'ona. Mchi ule, akasema, mnaujua ulikotoka? Mti mnyoofu unaangukaje wenyewe? Mwanamke yule mgeni, mnazijua habari za kwao? Na tangu lini chombo cha jikoni cha mwanamke kikaingizwa kwenye kazi ya wanaume kisilete balaa? Alikuwa anasema taratibu, kila mtu kwa wakati wake, kwenye pombe ya ulanzi, kwa kinyozi, hata kanisani nje. Wiki haikuisha, watu wakaacha kula kisamvu changu. Nilikuwa napika, kinapoa, nakimwaga.

Yakafika nyumbani. Siku Longinus ameruhusiwa kutoka hospitali, akaja shangazi yake, Daudensia, dada wa baba mkwe wangu. Alikuwa mwanamke wa maneno, na ukoo mzima ulimwogopa. Hakukaa hata. Akasimama mlangoni akanitazama kuanzia kichwani.

"Lisemwalo lipo," akasema.

"Shangazi, lipi lisemwalo?"

"Jumapili baada ya misa, kwa kaka, kule Ruhuwiko. Funga na vitu vyako kabisa. Tukimaliza kikao, kama ni wa kurudi Mbinga urudi moja kwa moja."

Mwanangu, ulishawahi kufunga nguo zako kwenye khanga ukijua kwamba ukivuka lile lango jina lako ni mchawi? Na si mchawi wa mtu mwingine, mchawi wa mume wako mwenyewe! Huko kwetu wangenipokea vipi? Nani angekula chakula changu? Nilifunga. Longinus alikuwa amelala na bega limefungwa, ananitazama nikifunga, machozi yanamtoka, anasema, "Skola, mimi najua si wewe." Nikamjibu kwa hasira, "Kama unajua, Jumapili uwe na mdomo."

Baba mkwe wangu, Mzee Kassiani, alikuwa mkulima wa tumbaku. Mtu mkimya, aliyekuwa akiitika salamu na kurudi kwenye ukimya wake. Sikumtegemea kwa lolote. Tulipofika aliitikia "Tumsifu Yesu Kristo" yetu, "Milele amina," akaketi. Wazee wa ukoo wakaketi. Na nani yumo, amekaa kwenye kiti kizuri, ameitwa na shangazi kuja kutoa ushahidi? Gama. Na shati lake jeupe. Nilitamani ardhi ipasuke, immeze yeye au mimi.

Mimi nilikaa kwenye mkeka pembeni, uso nimeugeuza, maana mkamwana hamkazii mkwe macho. Wakasema. Shangazi akasema, Gama akasema, na alisema vizuri, kwa huruma, eti yeye hamtuhumu mtu, anaeleza tu alichokiona: mchi umesimama imara, hakuna aliyeugusa, ukaanguka. Wazee wakaguna. Mzee Kassiani akawaacha hadi wakaishiwa maneno. Halafu akauliza kwa sauti ile yake ya chini.

"Gama mwanangu, gari liliwashwa na nani?"

"Kwa kweli, mzee, ilikuwa katika shughuli za kazi, unajua gari linapokuwa..."

"Nimeuliza na nani."

"Na mimi, mzee."

"Ulimwita Longinus kabla hujawasha? Ulisema 'toa mkono, nawasha'?"

Gama akatikisa kichwa.

"Basi mchi haukuwasha injini," mzee akasema.

"Lakini mzee, hayo ni mapenzi ya Mungu. Ajali haina..."

Hapo ndipo nilipomsikia Mzee Kassiani akipaza sauti, mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu. Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Usimsingizie Mungu nyumbani kwangu! Mungu alikuoteshea mti wa panda, akakupa fundi mwenye akili ya kuukata, ukauzika kwenye saruji ubebe jina lako! Fundi akauomba ukamcheka! Sasa mwanangu hana vidole, umekuja kunilia na mkamwana wangu? Ala!"

Akamgeukia dada yake. "Na wewe, Daudensia. Ulikuwa unampeleka binti wa watu Mbinga na jina la uchawi, ili bwana huyu asione haya anapopita Mfaranyaki? Kwani Gama umemzaa wewe?"

Mimi nilikuwa nalia kwenye mkeka, na kusema kweli nilikuwa nafurahi, moyo umejaa. Nikajua yamekwisha. Kumbe mzee hakuwa amemaliza.

"Na wewe," akamwambia Longinus. "Mlango ule ulijua hauko salama?"

"Nilijua, baba."

"Kwa nini ukaingia?"

"Bosi alisema. Na watu walikuwa wanacheka."

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nimekulilia usiku na mchana, na nitaendelea kukulilia. Lakini pole sikupi."

Mwanangu, nilisahau mkeka, nikasahau ukwe. Nilisimama nikamtazama baba mkwe usoni, jambo ambalo mkamwana hafanyi, nikasema, "Baba, huruma iko wapi? Mtu ameumia, wewe unamgombeza!"

Watu wakashtuka. Yeye hakukasirika. Alinitazama, akasema taratibu, "Namgombeza kwa sababu ninaye wa kumgombeza, binti yangu. Ule mlango ungeshuka shibiri moja kushoto, leo ningekuwa naongea na kaburi, na kaburi halifundishiki." Halafu akamgeukia tena mwanawe. "Mkubwa akikwambia lima, lima. Akikwambia beba, beba. Lakini akikuomba uweke mwili wako chini ya kitu kinachoanguka, hapo utii umefika mwisho. Hapo mwambie: subiri. Akikucheka, acha acheke. Kicheko hakikati vidole."

Nilikasirika hata hivyo. Sikukubaliana naye siku ile, wala mwezi ule. Nilimwona mzee mgumu. Ilinichukua miaka kuona kwamba waliompa Longinus pole walikuwa wengi, wakampa na ndizi na mayai, lakini aliyempa kitu cha kutumia alikuwa mmoja.

Gama aliondoka pale bila kuaga. Hakuomba radhi siku ile, hakuomba baadaye, na hadi amezeeka tulikuwa tukipishana naye njiani ananisalimia kwa uchangamfu kabisa, "Mama, habari za nyumbani!" kama vile nyumbani kwangu maneno yake hayakufika. Nikimjibu "nzuri" nilikuwa naenda kuungama. Shangazi Daudensia, mtu niliyemchukia, ndiye aliyenishangaza. Alikuja Msamala, tulikokuwa tunakaa, asubuhi kweupe, akaketi mlangoni pangu, akaomba mchi. Mchi ule ule. Nikampa. Akatwanga kisamvu pale pale nje, majirani wote wanaona, akakipika kwa mkono wake, akakila mbele yao, sahani mbili. Hakusema neno la radhi hata moja, lakini kesho yake wateja wangu walirudi.

Longinus alijifunza kushika spana kwa kushoto. Ilikuwa kazi. Alikuwa anatupa spana chini, anatukana, anaokota. Mwishowe akafungua kijiuwanja chake mwenyewe, na kitu cha kwanza kuingia humo, kabla ya sanduku la vifaa, kilikuwa nguzo mpya. Nakumbuka dereva mmoja wa basi la kwenda Tunduru, injini nyuma, abiria wamejaa, jua linachoma. Longinus alikuwa anachimbia nguzo taratibu, anafunga kamba, anauning'inia mlango kwa uzito wake wote kuupima. Halafu akamwendea dereva akamwambia, "Lete ufunguo nikae nao mfukoni." Dereva akapandwa na hasira.

"Fundi, unanichelewesha! Unaona abiria wananisubiri?"

Longinus akanyoosha ule mkono wake wa vidole vitatu, akapokea ufunguo.

"Na mimi nina mke ananisubiri," akasema.

Nilikuwa pale na bakuli la chakula chake. Aliyasema bila kujua kwamba namsikia. Mwanangu, miaka yote ya ndoa yetu hakuniambia neno tamu kuliko hilo.

Sasa sikiliza nasaha yangu, maana kesho unaanza kazi. Usiingize kichwa wala mkono chini ya mlango wa injini, au boneti, au kitu chochote kilichonyanyuliwa, kabla hujakiegemeza kwa kitu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, kikakanyaga pakavu, na ukakifunga. Usiziamini shokapu eti jana zilishika. Kitu cha duara hakisimami kwenye oili, hata kingekuwa cha babu yako. Usiingie mpaka ufunguo uko mfukoni mwako, si kwenye gari, si kwa bosi, mfukoni mwako, na siku utakayokuwa wewe ndiye bosi, kwenda nyuma kutazama hakukupunguzii cheo. Ukiombwa kitu uazime, toa, lakini uliza cha nini. Kuuliza si ujinga, na si ugomvi. Ukiona mwenzako ameingia penye hatari, piga kelele, hata akikuita bibi mwoga. Na likitokea la kutokea kwa mkono wako, sema "ni mimi." Usimtafute mwanamke wa kumbebesha, usimtafute jini, na Mungu usimguse.

Wakikuharakisha, sema subiri. Wakicheka, rudia kusema subiri.

Haya, inama nikushike kichwa. Mungu akutangulie kazini, akupe macho ya kuona kinachoning'inia, akupe ulimi usioona haya mbele ya wakubwa. Vidole ulivyoondoka navyo asubuhi urudi navyo jioni, vyote, hadi uzee ukukute navyo unavihesabia wajukuu. Nenda, mwanangu. Nenda, na nyumbani tunakusubiri.